Turbo ya Zamani Masinga: Nguvu Ipi Inafaa Kununua?

Subaru Forester ya turbo ya mwaka 2005 haina bei ya kutisha tena sokoni. Gharama yake halisi huanza baada ya kuinunua, pale mwenye gari anapogundua kwamba haikimbii alivyotarajia, na kila fundi anamshauri dawa tofauti. Mmoja anataka kuweka ekzosti kubwa. Wa pili anataka kupanga upya kompyuta ya injini. Wa tatu ana turbo ya ex-Japan, anasema ni ya STI, nayo iko tayari kufungwa leo hii. Wote wanauza kitu kimoja, nguvu, lakini nguvu hizo hazina bei moja wala hazidumu sawasawa.

Makala haya yanalinganisha machaguo hayo kwa mtu anayeishi Masinga: anayeendesha kwenye lami ya barabara ya Thika kwenda Garissa, akakunja kuingia murramu ya Ekalakala au Kivaa, na ambaye karakana zilizobobea katika kompyuta za magari ziko Nairobi, si jirani. Bei zilizotajwa ni makadirio ya viwango vya soko la spea la Nairobi na Thika. Zitumie kulinganisha chaguo moja na lingine, halafu uulize bei ya siku kabla ya kulipa.

Kwa nini magari haya bado yako

Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye zaidi ya miaka minane. Ndiyo kusema Forester zilizotengenezwa kati ya 2002 na 2007, zile ambazo watu huziita SG5, haziingii tena, na hata za kizazi kilichofuata, SH, za hadi 2012 zimeshafungiwa mlango. Kilichopo ni kile kilichoko barabarani tayari, pamoja na injini, turbo na giaboksi zinazotolewa kwenye magari yaliyokatwa Japan na kuuzwa vipande vipande. Vivyo hivyo kwa Impreza WRX za zamani na Legacy GT.

Mapenzi ya Wakenya kwa magari haya yana historia. Subaru ilishinda Safari Rally mwaka 1996 kupitia Kenneth Eriksson, ikashinda 1997 kupitia Colin McRae, kisha 2000 kupitia Richard Burns. Lakini mnunuzi akumbuke jambo moja: injini ya rali hufunguliwa na kukarabatiwa mara kwa mara na kundi la mafundi wanaolipwa kwa kazi hiyo. Injini ya Forester iliyoko Kithyoko huenda haijafunguliwa tangu itoke kiwandani, nayo imepita mikononi mwa watu wengi. Kwa hiyo swali la kwanza si inaweza kuongezwa nguvu kiasi gani. Swali ni je, nguvu ilizozaliwa nazo bado zipo?

Hewa ya Masinga na hewa ya Nairobi

Turbo huzungushwa na moshi unaotoka kwenye injini, nayo husukuma hewa nyingi zaidi ndani ya silinda. Hewa ikiongezeka, petroli zaidi inaweza kuchomwa, na nguvu hupanda. Mambo mawili huiharibu hesabu hiyo: hewa ikiwa ya moto, na petroli ikilipuka kabla ya wakati wake kwa kushindwa kuvumilia joto na presha.

Bwawa la Masinga likijaa, maji hufika mita 1,056.5 juu ya usawa wa bahari. Nairobi iko karibu mita 1,800. Presha ya hewa Nairobi ni kama bar 0.82, na Masinga ni kama 0.89. Tofauti hiyo ni ndogo ikiandikwa kwenye karatasi, lakini ina maana kwa mtu aliyefungiwa valvu ya mkono ya kuongeza presha ya turbo. Valvu hiyo hupima presha juu ya hewa ya mahali ulipo. Ukiwekewa bar 1 ukiwa Nairobi, injini inapokea jumla ya bar 1.82. Ukishuka Masinga, geji bado inasoma 1, lakini injini sasa inapokea 1.89. Ukienda Mombasa, inapokea zaidi ya 2. Ongeza joto la mchana la Masinga juu yake, na gari lililokuwa salama kwenye Thika Road sasa linafanya kazi ukingoni.

Kwa sababu hiyo, yeyote atakayekufanyia kazi Nairobi aambiwe mapema kwamba gari linalala Masinga, na aache nafasi ya usalama. Kompyuta ya gari ikiwa imepangwa vizuri hulishughulikia jambo hili. Valvu ya mkono ya bei nafuu haina akili hiyo. Hilo ndilo chaguo la kwanza la kukataa, hata likiuzwa shilingi 3,000.

Chaguo la kwanza: kurudisha nguvu zilizopotea

Gari la turbo lenye miaka kumi na mitano au ishirini hupoteza nguvu polepole kiasi kwamba mwenyewe haoni. Mipira ya vakyumu hukauka na kupasuka kwa joto. Paipu za intakula, kile kipozeo cha hewa ya turbo, huvuja kwenye vibano. Plagi huchakaa. Sensa ya oksijeni huchoka na kuifanya kompyuta imwage petroli ovyo. Vumbi la murramu huziba eya klina. Kila kasoro inachukua kidogo, na zikijumlishwa zinaweza kula zaidi ya kile ambacho rimapu, yaani kupanga upya kompyuta ya injini, ingeongeza.

Makadirio ya kazi hii kwa Forester au Impreza ya lita mbili ni haya:

Kupima kompresheni ya silinda zote nne: shilingi 2,000 hadi 5,000.
Kupima uvujaji wa presha kwa hewa ya kompresa na maji ya sabuni, au kwa moshi: 2,000 hadi 4,000.
Mipira ya vakyumu na vibano: 3,000 hadi 8,000.
Plagi nne za iridiamu: 5,000 hadi 10,000.
Eya klina mpya na kusafisha sensa ya hewa: 2,000 hadi 4,000.
Oili ya sinthetiki na filta yake: 6,000 hadi 10,000.
Sensa ya oksijeni ya mbele: 8,000 hadi 18,000.

Jumla ni kati ya shilingi 28,000 na 59,000, na si lazima vyote vibadilishwe. Anza na vipimo viwili vya juu, kwa sababu ndivyo vinavyoamua kama vilivyobaki vina maana. Silinda moja ikionyesha kompresheni ya chini sana kuliko nyingine, simamisha kila mpango wa kuongeza nguvu. Pesa hizo sasa ni za injini.

Kuna faida ya pili. Tuseme unaendesha kilomita 1,000 kwa mwezi na petroli ni shilingi 180 kwa lita. Gari linaloenda kilomita 7.5 kwa lita litakunywa mafuta ya shilingi 24,000. Likitengenezwa likaenda kilomita 9 kwa lita, litakunywa ya 20,000. Hiyo ni akiba ya 4,000 kila mwezi, 48,000 kwa mwaka. Katika orodha nzima ya makala haya, hakuna kazi nyingine inayoweza kurudisha pesa zake.

Ukiwa hapo, uliza mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini. Kwa injini hizi za EJ, Japan hupendekeza ubadilishwe kila kilomita 100,000, na ukikatika injini ikiwa inazunguka, valvu hugongana na pistoni. Seti ya mkanda na puli zake ni kama 15,000 hadi 35,000. Kama hakuna anayejua jibu, chukulia kwamba haujabadilishwa.

Chaguo la pili: rimapu, au steji wani

Hapa hakuna spea inayofungwa. Mtaalamu huunganisha kompyuta yake na ile ya injini na kubadilisha programu: presha ya turbo, wakati wa kuwasha plagi, na kiasi cha petroli. Gharama ni takriban shilingi 30,000 hadi 60,000. Kwa kawaida nguvu huongezeka kwa asilimia 10 hadi 20, na mvuto kwenye mizunguko ya chini ndio unaosikika zaidi. Kwa Forester SG5 iliyotoka kiwandani na nguvu farasi 220, tarajia nyongeza ya farasi 25 hivi kama injini ni nzima.

Kwa mkazi wa Masinga, rimapu ina sababu nyingine inayozidi kukimbia. Magari mengi ya turbo ya Subaru yalitengenezwa kwa soko la Japan, ambako petroli ya premium huwa na oktani karibu 100. Super ya kawaida inayouzwa kwetu iko chini ya hapo. Kompyuta ya kiwandani ina uwezo wa kurudi nyuma inaposikia petroli ikilipuka vibaya, lakini inafanya hivyo baada ya kosa kutokea, tena na tena. Programu iliyopangwa kwa petroli yetu hupunguza makosa hayo tangu mwanzo. Ukimwambia mtaalamu, "Nataka usalama kwanza, nguvu baadaye," na akakuelewa, umepata mtu wa kufanya naye kazi.

Tofauti kati ya rimapu nzuri na mbaya haionekani kwa macho. Mbaya ni faili lililonakiliwa kutoka kwa gari jingine na kumwagwa kwenye lako kwa dakika kumi. Nzuri hufanywa gari likiendeshwa au likiwa kwenye mashine ya daino, mtaalamu akisoma rekodi na kurekebisha. Kabla ya kulipa, mwombe vitu vinne. Cha kwanza, rekodi ya injini kabla na baada, ikionyesha presha ya turbo, uwiano wa hewa na petroli, na marekebisho ya mlipuko. Injini hizi zikiwa kwenye presha kamili huhitaji uwiano wa karibu 11 kwa 1. Ukiona 13, ondoka. Cha pili, nakala ya programu ya zamani. Cha tatu, ahadi kwamba atarekebisha bila malipo ukirudi ndani ya muda mliokubaliana. Cha nne, risiti yenye maelezo ya kazi.

Chaguo la tatu: ekzosti, intakula na steji tuu

Turbo hupenda njia pana ya moshi. Kipande kinachoshuka moja kwa moja kutoka kwenye turbo kikibadilishwa na cha inchi tatu, turbo huamka mapema. Lakini hewa ikibadilika, programu lazima ibadilike pia. Ukifunga bomba pana bila rimapu, presha inaweza kupanda kuliko ilivyokusudiwa. Kwa hiyo bei ya kulinganisha ni ya kazi nzima: bomba la kuchomelewa au la ex-Japan shilingi 25,000 hadi 50,000, pampu kubwa ya petroli 8,000 hadi 20,000, na rimapu juu yake. Jumla ni karibu 63,000 hadi 130,000 kwa nyongeza ya farasi 40 hadi 60.

Fundi akitoa katalisti, usiiache karakanani. Ndani yake kuna platinamu, paladiamu na rodiamu, na wanunuzi wake wanajulikana. Ondoka nayo, au punguziwa bei waziwazi.

Intakula ya Subaru hukaa juu ya injini, chini ya tundu la boneti. Kwenye lami kwa kasi, upepo huipoza vizuri. Kwenye murramu kwa kilomita 30 kwa saa, hupikwa na injini iliyo chini yake. Wengi huhamisha intakula mbele ya redieta kwa shilingi 40,000 hadi 80,000. Kwa barabara za Masinga hilo lina kasoro: intakula hiyo inakaa mahali pa kupokea kila jiwe linalorushwa na lori la mchanga, na inaipunguzia redieta upepo katika eneo lenye joto. Intakula ya juu ya STI, ikiwa nzima, kwa 15,000 hadi 30,000, ni suluhisho la kutosha kwa gari la barabarani.

Vitu viwili vya kelele havistahili pesa zako. Valvu inayopuliza hewa nje ikitoa ule mlio wa "pshhh" huidanganya kompyuta, kwa sababu hewa hiyo ilishapimwa na sensa na petroli yake ikamwagwa. Matokeo ni gari kuvuta vibaya kila unapobadilisha gia. Na chujio la wazi la umbo la pia, lililofungwa ndani ya boneti bila kizuizi cha joto, hunyonya hewa ya moto ya injini. Vingine vya pamba iliyopakwa mafuta huruhusu vumbi zaidi kupita kuliko karatasi ya kiwandani, na vumbi la murramu hulisaga gurudumu la turbo kama msasa. Masinga, eya klina ya karatasi inayobadilishwa mara kwa mara inashinda zote.

Chaguo la nne: turbo nyingine

Mara nyingi turbo hubadilishwa kwa sababu ya zamani imekufa, si kwa tamaa. Hapo una njia nne. Turbo mpya ya Kichina, shilingi 20,000 hadi 35,000: inaweza kudumu au isidumu, na udhamini wake mara nyingi huishia mlangoni. Turbo ya ex-Japan, 25,000 hadi 50,000: ni ya kiwandani, ila hujui ilivyotunzwa. Kukarabati uliyonayo kwa kuweka moyo mpya, 25,000 hadi 40,000: chaguo la busara kama nyumba ya turbo haijapasuka na karakana ina mashine ya kusawazisha. Mpya halisi, zaidi ya 100,000: ni kwa gari lenye thamani ya kuistahili.

Ukinunua ex-Japan, shika ncha ya shafti na uisukume. Mchezo mdogo sana wa pembeni ni kawaida. Mchezo wa kuingia na kutoka si kawaida. Angalia mabapa kama yamelika, na tundu la kutolea hewa kama lina oili nyingi.

Lakini kabla ya kununua yoyote, uliza kwa nini ya kwanza ilikufa. Baadhi ya injini za Subaru za turbo, hasa EJ255 na zile za Legacy GT, zina kichujio kidogo ndani ya bolti inayopeleka oili kwenye turbo. Kikiziba, turbo hukauka na kufa, na ile mpya utakayofunga itakufa kwa njia hiyohiyo. Kubadilisha bolti na kusafisha njia ya oili ni gharama ndogo. Fundi asiyeitaja bolti hiyo, mtajie wewe.

Kufunga turbo kubwa kuliko ya kiwandani ni hadithi nyingine. Inadai injekta, pampu, klachi na mara nyingi pistoni za kufuliwa. Bili huvuka shilingi 300,000 haraka, na kwa matumizi ya kwenda Matuu sokoni na Thika kazini, hakuna atakayeona faida yake isipokuwa muuza petroli.

Gharama ambayo haiandikwi kwenye nukuu ya bei

Kila chaguo lina bei ya kufaulu na bei ya kushindwa. Mtu wa Nairobi injini ikimnoki, huiburuta mitaa michache. Wa Masinga analipa gari la kuvuta hadi Thika au Nairobi, huenda 15,000 hadi 25,000. Injini ya EJ20 ya turbo ya ex-Japan ni kama 120,000 hadi 250,000, na kazi ya kuifunga 20,000 hadi 30,000. Kisha namba ya injini imebadilika, na ni lazima mabadiliko hayo yaandikishwe NTSA ili logbuku ilingane na gari. Jumla hiyo, 155,000 hadi 305,000, ndiyo unayoiweka rehani kila unapoongeza presha kwenye injini ambayo haijapimwa.

Kwa hiyo geji ya presha ya turbo na ya joto la oili, kwa shilingi 8,000 hadi 20,000 zote mbili, ni bima ya bei nafuu kuliko spea yoyote ya kuongeza nguvu. Redieta safi, kulanti halisi badala ya maji ya bomba, na kipimo cha oili kila wiki havigharimu hata nusu ya hapo.

Kusimama kabla ya kukimbia

Gari lililoongezewa farasi 50 linafika kwenye kona ya Kithyoko mapema kuliko breki zake zilivyozoea. Breki pedi nzuri za mbele ni 4,000 hadi 8,000. Shokomzoba nne ni 32,000 hadi 56,000. Tairi za inchi 16 au 17 ni 10,000 hadi 18,000 kila moja. Soma tarakimu nne za mwisho kwenye ubavu wa tairi: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka wa kutengenezwa. Jua la huku huikausha raba hata kama kashata bado ni nzito. Na kwenye vituo vya biashara sheria ni kilomita 50 kwa saa, uwe na turbo au usiwe nayo.

Kazi hizi zote fundi mzuri wa Masinga au Matuu anazimudu, na zinaongeza mwendo wa kweli kwenye barabara mbovu kuliko steji yoyote. Gari linaloshika barabara halihitaji kupunguza kasi kila shimo.

Wenye dizeli

Masinga ina turbo nyingi za dizeli pia: Surf na Prado za injini ya 1KZ-TE ya lita 3, zinazobeba maembe, matangi ya maji na familia. Kwa hizi, adui ni joto. Kichwa cha injini hiyo cha aluminiamu kinajulikana kwa kupasuka gari likichemka. Shilingi ya kwanza iende kwenye redieta, feni na kulanti. Ya pili iende kwenye ekzosti pana na intakula, kwa sababu nyingi hazikuwa nayo. Makadirio ya vyote viwili ni 50,000 hadi 100,000. Ukiongeza dizeli, funga geji ya joto la moshi na usiruhusu lipite nyuzi 700 kwa muda mrefu. Moshi mweusi haumaanishi nguvu. Ni dizeli uliyolipia ikitoka bila kuchomwa.

Petroli na chupa za miujiza

Ukiwa na rimapu, jaza petroli uliyopangiwa. Petroli zenye oktani ya juu hupatikana katika baadhi ya vituo vya kampuni kubwa, Nairobi na Thika, si katika kila kituo cha mashambani. Ndiyo maana inafaa kupangiwa programu ya super ya kawaida. Zile chupa za kuongeza oktani husema "pointi 30", na wengi hudhani ni oktani 30. Kwa kawaida pointi 10 ni oktani moja, kwa hiyo ni oktani tatu tu, tena kwa kipimo kamili.

Jihadhari na petroli iliyochanganywa. Serikali iliweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 hasa kwa sababu walanguzi waliyachanganya na dizeli na petroli. Mafuta ya taa hushusha oktani, na injini ya turbo ndiyo ya kwanza kulipa. Jaza kituo kimoja chenye wateja wengi, na uhifadhi risiti.

Kwa upande wa bima, mwambie wakala kila ulichobadilisha. Kampuni ikigundua baada ya ajali kwamba injini si ile iliyoandikishwa, umejipunguzia haki ya fidia. Na kelele ya ekzosti ina kanuni zake chini ya sheria ya mazingira tangu 2009. Bomba lisilo na silensa ni mwaliko kwa askari.

Hukumu kwa kila mfuko

Ukiwa na shilingi 30,000: pima kompresheni na uvujaji, badilisha mipira, plagi, eya klina na oili. Usinunue kitu kingine.

Ukiwa na 100,000: fanya ya hapo juu, ongeza mkanda wa taimingi kama historia yake haijulikani, kisha breki na tairi mbili. Kikibaki kitu, nunua geji.

Ukiwa na 200,000, na injini imepimwa ikapatikana nzima: maliza yote hayo, kisha rimapu ya steji wani iliyopangiwa super yetu. Hapa ndipo mmiliki wa kawaida wa Masinga anapaswa kuishia.

Ukiwa na 400,000 na zaidi: jiulize kama unataka gari hili au gari jingine. Forester XT za kizazi cha baada ya 2012 zilitoka kiwandani Japan na nguvu farasi 280 na cheni ya taimingi badala ya mkanda. Bado ni ghali, lakini pesa za kujenga injini ya zamani, zikijumlishwa na bei ya kuuza ulilonalo, zinakusogeza karibu nalo.

Tukitumia makadirio yetu, na tukichukulia kwamba gari limepoteza farasi 30, waliopotea wanarudi kwa takriban shilingi 1,000 hadi 2,000 kila mmoja, na wanapunguza bili ya petroli. Farasi mpya wa steji wani wanagharimu karibu kiasi hichohicho, lakini hawakurudishii chochote, nao wanakaa salama tu kwenye injini nzima. Wa steji tuu wanapanda hadi 2,000 au zaidi, na kila mmoja anaongeza hatari. Anza na waliopotea, na usimlipe fundi yeyote wa nguvu mpya kabla hajakuandikia kwenye karatasi kompresheni ya silinda zote nne.